Jua, Mawe na Nyota: Wazee Wetu Waliupimaje Mwaka?

Mpaka uitwao Petite Barrière, baina ya mji wa Gisenyi katika wilaya ya Rubavu na mji wa Goma, ni mahali pazuri pa kulitazama jua. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya vilima vya Rwanda, na jioni hutua upande wa Kongo. Kwa miaka mingi kivuko hiki kimepitwa na maelfu ya watu waendao kwa miguu, wenye mboga, maharagwe, maziwa na vitenge, na lugha iliyowakutanisha kwa salamu na kwa bei ni Kiswahili. Mstari wa mpaka wenyewe ni wa juzi: mabwana wa Ulaya walipatana juu yake mjini Brussels mwaka 1910. Jua lilikuwapo kabla ya mstari huo, na halikuulizwa lolote.

Siku moja, katika somo la ufahamu, tuliwasomea wanafunzi wetu habari za mawe ya Stonehenge, yaliyoko Uingereza, ambayo yalielekezwa penye mawio ya jua katika siku ndefu kuliko zote za mwaka. Tulipomaliza, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, wazee wetu sisi hawakuwa na mawe kama hayo?" Darasa zima likanyamaza, likingoja. Kwa haraka tukajibu: "Walikuwa nayo, mwanangu. Yako Kenya, karibu na Ziwa Turkana." Wanafunzi wakafurahi, nasi tukafurahi zaidi yao. Baadaye tulipoyachunguza vizuri mambo hayo, tuliona kwamba jibu letu lilikuwa na haraka kuliko ukweli. Makala hii, basi, ni sahihisho letu. Tunaiandika kwa ajili ya walimu wenzetu kwa kuwa swali lile litaulizwa tena, katika darasa jingine, na halistahili kujibiwa kwa kubahatisha.

Maana ya ukomo wa jua

Kwanza hatuna budi kueleza jambo lenyewe. Watu husema kwamba jua huchomoza mashariki, lakini pahali hasa pa mawio huhama siku hata siku. Mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, siku mchana na usiku vinapolingana, jua huchomoza mashariki halisi. Baada ya Machi mawio huhama kidogo kidogo kuelekea kaskazini, hata ifikapo tarehe 21 Juni hivi. Hapo hukaa siku chache kana kwamba yamesimama, kisha huanza kurudi. Kadhalika, mnamo tarehe 21 au 22 Desemba, mawio hufika mwisho wa safari yake upande wa kusini, na hapo tena hugeuka. Wazungu waliziita siku hizo mbili kwa neno la Kilatini lenye maana ya kusimama kwa jua. Sisi katika makala hii tutaziita siku za ukomo wa jua.

Huko kaskazini ya mbali, siku hizo ni jambo la uhai. Pale penye Stonehenge mchana wa Juni hupita saa 16, na mchana wa Desemba hauzidi saa 8. Mkulima wa zamani, aliyekuwa na akiba ndogo ya chakula na baridi kali mlangoni, aliliona jua likidhoofika kila siku. Ilikuwa faraja kubwa kwake kujua siku ambayo jua lingegeuka na kuanza kurudi. Si ajabu, basi, kwamba watu wa huko waliiandika siku hiyo kwa mawe.

Ushahidi wake ni imara. Katika Ayalandi liko kaburi kubwa la Newgrange, lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, lenye ujia wa mawe wa mita 19 na tundu juu ya mlango. Tarehe 21 Desemba 1967 mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly aliingia ndani kabla ya mapambazuko, akangoja gizani peke yake. Dakika chache baada ya jua kuchomoza, mwali mwembamba ulipita katika tundu lile, ukatambaa sakafuni mpaka chumba cha ndani, ukaangaza kwa dakika 17, kisha ukakatika. Kwa zaidi ya miaka 5000 jengo lile lilikuwa limeitunza kazi yake. Mawe makubwa ya Stonehenge yalisimamishwa yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo, na mhimili wake huelekea mawio ya Juni upande mmoja na machweo ya Desemba upande wa pili.

Afrika nayo ina mfano wake. Kusini mwa Misri, katika jangwa lililo magharibi ya Abu Simbel, pana mahali paitwapo Nabta Playa. Wafugaji wa ng'ombe walijenga hapo duara dogo la mawe, lenye kipenyo cha mita 4 hivi. Mwaka 1998 McKim Malville, Fred Wendorf na wenzao walieleza katika jarida la Nature kwamba jozi moja ya mawe yake ilielekea kaskazini na kusini, na jozi nyingine ilielekea mawio ya ukomo wa Juni. Zamani hizo jangwa lile lilikuwa likipata mvua, nazo zilikuja baada ya jua kufika ukomo huo, zikajaza bwawa la kunyweshea mifugo. Kwa wafugaji wale, ukomo wa jua ulikuwa habari ya maji.

Mawe ya Namoratunga

Sasa tuje kwenye mawe tuliyoyataja darasani. Magharibi ya Ziwa Turkana, kando ya njia itokayo Lodwar kwenda Kalokol, zimesimama nguzo za mawe meusi ya basalti, nyingine zimeinama. Waturkana hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe, na hadithi yao husema kwamba nguzo hizo zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe.

Mwaka 1978 wanaakiolojia wawili wa Marekani, B. M. Lynch na L. H. Robbins, walichapisha katika jarida la Science habari iliyosisimua wengi. Walikuwa wamepima mielekeo ya nguzo 19, wakasema kwamba mistari inayoziunganisha haikuelekea jua, bali ilielekea mahali pa kuchomoza nyota saba ambazo Waborana hutumia kuhesabu mwaka. Walikadiria kwamba nguzo zilisimamishwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, wakauita ugunduzi wao ushahidi wa kwanza wa elimu ya kale ya nyota kusini mwa Sahara.

Kalenda ya Waborana yenyewe si jambo la kubuni. Waborana ni Waoromo wakaao kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Mwanazuoni Asmarom Legesse, mzaliwa wa Eritrea, aliieleza kalenda yao katika kitabu chake juu ya mfumo wa gada kilichotoka mwaka 1973. Mwaka wao una miezi 12 ya mwandamo, yaani siku 354 hivi. Wajuzi wao, waitwao ayyantu, hutazama mwezi ukiwa sambamba na Lami, kisha Busan, Bakkalcha, Algajima, Arb Gaddu, Urji Walla na Basa. Busan ndiyo ile ambayo sisi Waswahili huiita Kilimia. Hakuna chombo wala maandishi: elimu yote hukaa kichwani, nayo hupokezanwa kutoka kwa mjuzi hadi mwanafunzi. Basi, walimu wenzetu wataelewa furaha yetu. Tulikuwa na kalenda iliyo hai, tena tukaonyeshwa mawe yanayosemekana kuwa ndiyo darasa lake la kwanza.

Mambo manne ya kutia shaka

La kwanza ni dira. Mwaka 1982 Robert Soper, ambaye aliyapima mawe yale upya, alieleza kwamba mawe yenyewe yana nguvu ya sumaku, nayo iliivuta sindano ya dira. Vipimo vya awali, kwa hiyo, vilikuwa vimepotoka. Basalti ni jiwe la volkano lenye chuma ndani yake, na sisi wa mpakani tunalijua vizuri jiwe la namna hiyo, maana mlima Nyiragongo umetumwagia mengi. Mwalimu akiweka dira mezani, kisha akaisogezea kipande kizito cha lava, huenda akaiona sindano ikitikisika na kugeuka. Jambo dogo kama hilo latosha kuharibu kipimo cha nyota.

La pili ni hesabu. Mawe 19 yakiunganishwa mawili mawili hutoa mistari 171, na kila mstari huweza kutazamwa kutoka ncha zote mbili, yaani mielekeo 342. Duara zima lina nyuzi 360. Katika wingi huo, nyota yoyote utakayoitaka hukosi kuipatia mstari ulio karibu nayo. Waliotoa dai walitetea kwamba mpango ule haukuwa wa bahati tu, na wengine wakarudia kuzipima hesabu zao. Mwalimu wa hesabu, hata hivyo, atakubali kwamba mstari mmoja ulioelekezwa kwa makusudi, kama ujia wa Newgrange, una nguvu kuliko mistari 171 inayochaguliwa baadaye.

La tatu ni umri. Tarehe ya mwaka 300 kabla ya Kristo haikutokana na nguzo za Kalokol zenyewe. Ilitokana na mifupa ya makaburi ya mahali pengine, huko Lokori, yaliyodhaniwa kuwa ya watu wale wale. Tangu mwaka 2009 hivi, Elisabeth Hildebrand na wenzake wamefukua mahali mbalimbali penye nguzo upande wa magharibi wa ziwa, Kalokol pamoja, wakaona kwamba nguzo hizo ni za kale zaidi: zina miaka ipatayo 5000 hadi 4000. Tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa, na sababu yake ni nzuri kufundishwa. Mhimili wa dunia huyumba polepole mno, kama pia inayokaribia kuanguka, na hukamilisha duara moja kwa miaka 26,000 hivi. Kwa ajili hiyo nyota huhama nyuzi moja kila miaka 72. Katika miaka 2700 huhama zaidi ya nyuzi 35. Mstari ulioelekea nyota fulani mwaka 300 kabla ya Kristo haukuielekea nyota hiyo siku nguzo ziliposimamishwa. Mawe yaliyofuata jua hayana tatizo hilo, kwa sababu pahali pa ukomo wa jua hapakuhama hata nyuzi moja kamili katika muda wote huo. Ndiyo maana mwali wa Newgrange bado huingia.

La nne ni ushahidi wa watu. Misikiti ya kale ya pwani yetu, kama ule Msikiti Mkuu wa Kilwa, ilielekezwa kwa makusudi kuifuata kibla. Twalijua hilo kwa yakini kwa sababu mihrabu ipo, kanuni ipo, na watu bado huswali kwa kuelekea huko. Waborana wana kalenda, lakini hawakudai kwamba walizisimamisha nguzo za Kalokol. Kalenda ni ya kweli. Mwaka 1986 Laurance Doyle alionyesha namna inavyoweza kufanya kazi sawasawa. Kamba ya kuifunga kalenda hiyo na mawe yale ndiyo iliyokatika.

Mawe yale yalikuwa ya nini?

Msomaji atauliza: kama si ya nyota, yalikuwa ya nini? Jibu limetoka hasa katika mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, si mbali na Kalokol. Mwaka 2018 Hildebrand, Katherine Grillo, Elizabeth Sawchuk na wenzao walitangaza matokeo ya kazi yao ya miaka mingi. Kati ya miaka 5000 na 4300 iliyopita, wafugaji wa kwanza wa Afrika Mashariki walijenga hapo jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi. Katikati yake walichimba shimo kubwa la kuzikia, wakawalaza humo wafu wao kizazi baada ya kizazi, watu wasiopungua 580. Hatimaye walilijaza, wakalifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo.

Walizikwa wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, wote pamoja. Karibu kila mmoja alikuwa na pambo lake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete na bangili za pembe ya kiboko, vidani vya mawe ya rangi. Wachimbaji hawakuona kaburi la mfalme, wala la tajiri aliyetengwa na maskini. Jambo hilo liliwashangaza wengi, maana tumezoea kufundishwa kwamba majengo makubwa hujengwa na wafalme kwa mikono ya watumwa. Hawa walijenga bila bwana.

Walifanya hivyo katika wakati mgumu. Mvua zilikuwa zikipungua, Ziwa Turkana lilikuwa likishuka na kuacha nchi kavu, na wavuvi na wafugaji walilazimika kuhamahama kutafuta malisho. Watafiti wanaona kwamba mahali pale palikuwa pa kukutania, pa kuzika na kukumbukana, kwa watu waliokuwa wakiishi mbalimbali. Walipotawanyika kwa kufuata mifugo, walijua kwamba wana mahali pamoja pa kurudi. Sisi wa mpaka huu, ambao wengi wetu tuna jamaa waliozikwa ng'ambo, hatuhitaji kuelezwa sana thamani ya mahali pa namna hiyo.

Jua la kwetu

Tukubali sasa kwamba mawe ya Turkana hayalielekei jua. Je, hayo ni upungufu wa wazee wetu? Hasha. Jibu limo katika jua lenyewe. Gisenyi iko karibu sana na ikweta, nyuzi moja na robo tatu hivi kusini yake. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa haizidi dakika 12. Hakuna mkulima wa Rubavu atakayelala na hofu mwezi wa Juni kwamba jua linamkimbia. Siku za ukomo wa jua zinapita kimya, na zote mbili zinaangukia karibu na mwanzo wa ukavu: ule wa Juni karibu na mwanzo wa kiangazi kirefu, ambacho Wanyarwanda huita impeshyi, na ule wa Desemba karibu na mwanzo wa ukavu mfupi, urugaryi.

Siku zenye uzito hapa kwetu ni nyingine. Mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na mti hukosa kivuli: mnamo tarehe 16 Machi na mnamo tarehe 27 Septemba. Mkanda wa mvua hulifuata jua katika safari yake. Baada ya jua la utosini la Machi huja mvua kubwa za itumba, na la Septemba huambatana na mvua za umuhindo. Kwa hiyo saa ya mwaka wetu ni mvua. Mtu wa Newgrange alihitaji jiwe ili ajue siku ya kugeuka kwa jua. Mtu wa hapa alihitaji kujua siku ya kupanda mbegu, na alama yake ilikuwa angani, penye mawingu na nyota.

Alama hiyo imo katika Kiswahili chenyewe. Kilimia, kile kichala cha nyota ndogo, kilipewa jina kutokana na kulima. Hutoweka jioni upande wa magharibi kuelekea mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni huonekana tena mashariki wakati wa alfajiri. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hiyo ni kalenda iliyotiwa katika sentensi moja, na haihitaji jiwe la kuishika.

Pwani nako walikuwa na hekima yao. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo miezi yake huzunguka majira yote, na mkulima au nahodha hawezi kuutegemea. Waswahili, kwa hiyo, walitumia mwaka wa mwandamo kwa ibada, na mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, kwa kilimo na kwa safari za kaskazi na kusi. Siku ya Mwaka bado husherehekewa Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai.

Katika Rwanda ya zamani, hesabu ya majira ya ufalme ilikuwa mikononi mwa abiru, waliotunza siri za mila. Umuganura, sikukuu ya mazao mapya ya mtama na ulezi, ilifuata kumbukumbu zao. Mwaka 1925 utawala wa Kibelgiji ulimhamishia Burundi Gashamura, aliyekuwa mkuu wa mila hiyo, na sikukuu ikakoma kufanywa katika jumba la mfalme. Ilifufuliwa kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2011. Hapa kuna funzo zito. Kalenda iliyo katika jiwe haiwezi kufungwa jela wala kuhamishwa nchi. Kalenda iliyo katika kichwa cha mtu huweza kunyamazishwa kwa kumwondoa mtu mmoja. Yaliyosalia kwetu, basi, ni wajibu wa mwalimu kuyakusanya kabla wajuzi hawajatoweka.

Saa ya Kiswahili

Liko jambo jingine ambalo sisi walimu wa Kiswahili tunalitamka kila siku bila kulitafakari. Saa yetu huanza na mawio: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kutoka, na saa kumi na mbili jioni ni wakati wa machweo. Wageni wengi huiona hesabu hii kuwa ya ajabu. Lakini saa ya namna hii huwezekana tu mahali ambapo jua ni aminifu. Hapa Gisenyi wakati wa mawio haubadiliki zaidi ya nusu saa hivi kwa mwaka mzima. Penye Stonehenge hubadilika kwa zaidi ya saa nne, na mtu wa huko angeianza saa moja yake leo alfajiri sana, na baada ya miezi sita asubuhi kukiwa kumekucha muda mrefu kwa majirani wa kusini.

Fikirini pia maneno tuliyo nayo: kucha na kuchwa, macheo na machweo, usiku kucha na mchana kutwa. Mashariki na magharibi tuliyapokea kutoka Kiarabu, nayo yana maana ya pahali pa kuchomozea na pahali pa kutulia jua. Watu walioishi chini ya jua lisilobadilika waliligeuza kuwa saa, wakaitia saa hiyo katika usemi wao. Ukitafuta kumbukumbu ya jua katika nchi hizi, anza na saa unayoitaja kila siku.

Kazi ya darasani

Tunapendekeza kazi tatu zisizohitaji fedha. Ya kwanza: msimamishe kijiti cha sentimita 100 uwanjani, wima kabisa, na kukitazama kivuli chake saa sita mchana. Mwezi wa Juni, penye ukomo, kivuli kitaelekea kusini, urefu wake sentimita 47 hivi. Mwezi wa Desemba kitaelekea kaskazini, sentimita 40 hivi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kitatoweka. Ya pili: wanafunzi wachore vilima vya mashariki kama vinavyoonekana kutoka shuleni, na kila juma waweke alama pahali jua linapochomoza. Baada ya miezi sita wataona mawio yamesafiri nyuzi 47 hivi. Ya tatu ni ile ya dira na jiwe la lava, ili wajifunze kwamba hata chombo cha kisayansi huweza kudanganywa. Kazi zote tatu ni mazoezi mema ya hali ya hu-: jua huchomoza, kivuli hupungua, sindano hugeuka.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi katika Rwanda, na ng'ambo ya mpaka ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Lugha iliyopewa heshima hiyo yapasa kubeba elimu ya kweli. Kiu ya kuwa na Stonehenge yetu twaielewa, maana kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba hatuna historia. Lakini dai lisilothibitika huanguka siku moja, na likianguka huangusha hata yale ya kweli yaliyoegemezwa juu yake. Hata huko Uingereza, Gerald Hawkins alipodai katika miaka ya 1960 kwamba Stonehenge ilikuwa chombo cha kuhesabia kupatwa kwa mwezi, wanaakiolojia walimpinga vikali. Ndivyo elimu inavyosafishwa, kwao na kwetu.

Tulirudi darasani, tukamwita yule mwanafunzi, tukamwambia: "Mwanangu, jibu letu la juzi halikuwa sawa. Mawe yapo, nayo ni makuu, lakini yalisimamishwa kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya jua. Na jua wazee wako walilijua vizuri. Ndiyo maana unaposema saa moja, jua ndilo unalolitaja." Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama wale watoto waliozikwa Turkana walikuwa na majina. Tulimjibu kwamba bila shaka walikuwa nayo. Majina hayo hayakuandikwa, lakini shanga zao zilihesabiwa moja moja na kutunzwa.